Pembe Juu ya Kichwa cha Gasana

"Baba Shakira, zile pembe uliziona, au hukuziona?"

Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza hivyo. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha duka lake, anapangusa lenzi kwa kipande cha kanga. Hakuinua uso. "Mutesi," akasema, "nenda, mama yako anakuita." Mama alikuwa mlango wa pili, cherehani yake inakwenda mbio, na hakuwa amemwita mtu. Nilisimama kidogo nikingoja, maana nilizoea kwamba ukimuuliza Usumani swali, hata la kijinga, atakujibu. Siku ile hakujibu. Aliendelea kupangusa lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

Duka lenyewe lilikuwa Rwezamenyo, huku kwetu Nyamirambo, Kigali, FOTO USUMANI, maandishi ya bluu juu ya mlango. Ndani kulikuwa na kiti kisicho na mgongo, kitambaa cha bluu kwa picha za vitambulisho, na kitambaa chekundu kwa wachumba. Babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya nguo, akaoa hapa, akazikwa hapa, na Kiswahili akawaachia wajukuu kama shamba. Ndiyo maana Usumani alikuwa akituchekesha sisi tunaosema "iko" kwa kila kitu. "Iko mvua, iko njaa, iko mwalimu," angesema. "Hiyo iko yenu itachoka siku moja, itawakimbia." Shakira ni binti yake na tulikaa dawati moja. Baba wa rafiki yako humwiti jina, kwa hiyo mdomoni mwangu yeye ni Baba Shakira. Hapa namwandika Usumani kwa sababu hilo ndilo jina lililoharibiwa.

Na lilikuwa jina. Ukisema Usumani, mtu wa Rwezamenyo anaongeza mwenyewe: "Yule mwenye jicho." Hakuwa na gari, hakuwa na nyumba ya ghorofa, alikuwa na jicho. Aliishi kwa hilo.

Nitaeleza jicho hilo lilikuwaje, maana nililiona likifanya kazi. Unatembea naye barabarani, mnazungumza habari za bei ya viazi, ghafla anasimama. Anafumba jicho moja. Anarudi nyuma nusu hatua, anainama kidogo, anasogea kushoto mpaka anakanyaga mfereji. Halafu anasema, "Njoo. Simama hapa nilipo mimi. Usiinue kichwa." Unasimama. Mwanzoni unaona barabara tu. Halafu unaona! Mnara wa msikiti umeingia katikati ya vilima viwili nyuma yake, kama ufunguo kwenye tundu lake. Ukisogea hata kidogo, umetoka. Ukirudi, umeingia.

"Vimepatana," angesema, na kamera inalia.

Hilo ndilo neno lake. Vitu vimepatana. Siku moja alipiga picha kamba ya nguo ya uani kwetu, na kwenye picha ile kamba imelala sawasawa juu ya mgongo wa Mlima Kigali, suruali za shule za kaka yangu zimeanikwa mlimani kwa watu wote. Upande wa Kicukiro alimpata mama muuza mabeseni, beseni moja kalipindua kichwani, na mbali nyuma yake lile kuba kubwa la ukumbi wa mikutano, Kimihurura. Beseni limekaa juu ya kuba kama kofia ya mtoto. Kuna sanamu moja mjini, mama na mtoto. Alingoja chini yake mpaka ndege ipite juu kabisa na kuacha mstari wake mweupe, na mtoto wa sanamu akaonekana ameshika uzi wa kishada.

Watu walimcheka, tena mbele yake. "Usumani, nguzo ya umeme imekuzalia nini mpaka unaipiga picha kila siku?"

"Nguzo haijawahi kufumba macho nikibonyeza," alijibu. "Wewe kila mara."

Mimi nilimuuliza kwa nini asimwombe yule mama wa mabeseni asogee kidogo, badala ya yeye kuingia kwenye mtaro na viatu vya ngozi. Alishtuka kama nimetukana. "Mutesi, mjinga anasogeza kiti. Mpiga picha anasogeza miguu. Vitu haviwezi kugombana na wewe kama hujavigusa." Picha hizo alizitundika ukutani juu ya kiti, si za kuuza, na kila aliyekuja kupiga ya kitambulisho alilazimika kuzitazama akingoja zamu.

Kaliza alizitazama hivyo hivyo. Alikuja kupiga picha ya pasipoti, msichana mrefu wa Kagarama, kucha nyekundu, simu mbili. Mimi na Shakira tulikuwa kwenye benchi tunakula mandazi. Alimaliza kupigwa, akabaki amesimama ukutani.

"Hizi alipiga nani?"

"Mimi, binti."

"Wewe? Yesu wangu." Akaenda karibu na ile ya beseni, akacheka peke yake. "Mwaka huu naolewa. Nakutaka wewe. Lakini unipigie kama hizi, unasikia? Sitaki zile bwana harusi ameshika kiuno, wote wanaonyesha meno kama tangazo la dawa ya mswaki."

Usumani alikuna kidevu. "Picha za namna hii zinataka mwenyewe awe na moyo wa kucheka."

"Moyo huo ninao," Kaliza akasema. Nilimsikia kwa masikio yangu, na mandazi mdomoni.

Arusi ilikuwa nyumbani kwa baba yake, Mzee Gasana. Huyu alikulia Uganda, akarudi, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu, na sasa alikuwa mzee wa kanisa lao, mtu wa suti hata Jumamosi. Mama yangu ndiye aliyeshona mishanana ya wasimamizi, zile nguo za kufunga begani, na mimi nilikwenda kwa sababu ya kucheza. Kikundi chetu cha shule kilikodiwa kucheza mbele ya wageni.

Mnajua mchezo wetu. Wasichana tunainua mikono juu, tunaikunja taratibu, vidole vinatazama nje. Ile mikono ni pembe. Ni pembe za inyambo, ng'ombe wa wafalme, ambao pembe zao zinapanda juu mpaka unajiuliza wanalalaje. Tangu nikiwa mdogo naambiwa, inua pembe, Mutesi, pembe zako zimelegea. Na msichana akiwa mzuri anaambiwa ana macho ya ndama, na hakuna anayekasirika. Anakwenda kujitazama kwenye kioo. Nasema haya mapema ili muyakumbuke.

Waliweka mahema mawili yanayotazamana, familia ya bwana harusi huku na ya bibi harusi kule, na wasemaji wao wakataniana mpaka wazee wakafuta machozi. Ulipofika wakati wa mahari, waliletwa ng'ombe kweli, si wa maneno. Wachungaji waliwapandisha kwenye tuta la juu nyuma ya hema, kwa sababu Kagarama ni mteremko na hapo ndipo palikuwa na nafasi. Mchungaji mmoja akaanza kuwasifu kwa ile sauti ya haraka isiyopumua. Tukapiga vigelegele. Sisi wasichana tukainua mikono, na vigelegele vikazidi.

Kisha Gasana akasimama kusema. Watu wake wanajua kwamba mbele ya kamera uso wake hufungwa kama duka siku ya umuganda, mtaa mzima ukiwa kwenye usafi. Lakini siku ile alianza kueleza jinsi Kaliza alivyokuwa akimficha viatu asiende kazini, na katikati ya maneno sauti ikamkatika, na uso ukafunguka. Hapo nikamwona Usumani. Alikuwa upande wa pili. Aliacha kupiga. Akafumba jicho moja. Akashuka polepole mpaka goti likagusa maua ya mwenye nyumba, akasogea kushoto, akashika pumzi. Niliujua ule mwinamo. Nikageuka kutafuta alichokiona, na sikuona chochote, kwa sababu kutoka nilipokuwa mimi ng'ombe walikuwa mbali kabisa, mkono wa kulia, wanakula majani.

Hotuba ilipokwisha alimwendea bibi harusi kwenye kiti chake, akamwinamia, akamwonyesha kamera upande wa nyuma. Kaliza akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakatikisika. Nikafikiri analia. Maarusi hulia.

Picha niliiona kwenye simu ya mama, kama kila mtu. Gasana amesimama, mkono mmoja umefunguka, uso wake laini kama wa kijana, na nyuma yake, kutoka palepale nywele zinapoishia, pembe mbili nyeupe zinapanda juu, zinafunguka, zinakaribia kukutana tena angani. Ng'ombe mwenyewe haonekani, kichwa cha Gasana kimemfunika chote. Zimekaa kama zimeota. Niseme ukweli, nilipoiona nilipiga kelele kwa furaha. Ilikuwa picha bora kuliko ya beseni, bora kuliko ya mnara.

Ilitoka kwenye kundi la WhatsApp la familia pamoja na nyingine nyingi. Kutoka kundi la familia ikaingia kundi la kanisa. Sijui ni nani alikata mwili akabakiza kichwa na pembe, akaongeza macho mekundu, lakini kufikia Jumatano ilikuwa stika. Mtu akiandika "shetani ashindwe", wa pili anamjibu kwa Gasana. Hata shuleni kwetu ilifika. Mwalimu wa hesabu aliituma kwa bahati mbaya kwenye kundi la wazazi.

Ndipo maneno yakaanza. Kwamba mpiga picha ni Mwislamu wa Nyamirambo, amefanya makusudi kumdhihaki mzee wa kanisa. Kwamba alilipwa na maadui wa Gasana. Kwamba kamera yake si ya kawaida. Mama alisikia haya yote akiwa na pini mdomoni, akashona siku nzima, kisha akamwendea Usumani mlangoni. "Baba Shakira, vaa shati safi. Mimi watu wale nimewashonea, wananijua. Tunakwenda kumaliza jambo hili kabla halijamalizwa na wengine." Nyumbani hapakuwa na wa kunitazama, kwa hiyo nami nikapanda basi pamoja nao.

Tulikaribishwa sebuleni. Viti vikubwa vya ngozi, saa yenye sura ya bara la Afrika. Gasana alikuwa ameketi wima. Pembeni yake mwanawe Conrad, ambaye alikuwa anatafuna kijiti. Kaliza alileta soda kwenye sinia. Aliweka ya mama, akaweka ya Usumani, akaweka yangu, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye sinia.

Gasana alianza kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Mimi siko mtu wa maneno mingi. Watoto wa shule ya Jumapili wananiogopa. Mmoja amelia nilipomshika mkono. Miaka yote ile nimeheshimika, sasa mtoto analia." Nilimwonea huruma, nisifiche. "Nauliza kitu kimoja tu, Usumani. Uliona ao haukuona? Kama uliona, ulinitukana kwangu, kwenye chakula yangu, na tutaenda mbele, kwa polisi. Kama haukuona, ni ajali, nimesamehe, imeisha."

"Papa," Conrad akasema, "hawa Waswahili wa Nyamirambo unawauliza ya nini? Mdomo asali, moyo sijui nini."

"Conrad," mama akasema, "mimi nimekulia Tanzania, Kiswahili nimekinyonya. Hilo shati la kitenge ulilovaa limeshonwa na Mswahili. Livue basi."

Conrad akatafuna kijiti chake. Usumani alikuwa hajagusa soda. Nilimwona anamtazama Kaliza, mara moja tu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia tupu kifuani kama ngao. Mimi nami nilimtazama. Nilikuwa nangoja aseme. Kwamba yeye ndiye aliyetaka picha za namna ile, kwamba alisema moyo wa kucheka anao. Ilikuwa sentensi moja. Nilifungua mdomo niiseme mimi, na mama akanibana goti kwa vidole vya fundi, vile vinavyojua kubana.

Kaliza akageuka akaenda jikoni.

"Sikuona, mzee," Usumani akasema. "Macho yangu yamezeeka. Nilikutazama wewe tu, ya nyuma sikuyaona. Nisamehe."

Gasana akashusha pumzi. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akaomba sala ndefu ya Kinyarwanda, na Usumani akainamisha kichwa kwa heshima mpaka amina. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, Conrad akacheka nyuma yetu. "Mpiga picha asiyeona! Hii ni Kigali kweli."

Njiani mama alisema neno moja tu, akitazama dirishani. "Zamani mtu angepewa ng'ombe kwa picha ile. Ingekuwa sifa." Na kesho yake ndipo nilipomkuta Usumani kizingitini, nikamuuliza, akaniambia mama ananiita.

Sikuelewa wakati ule alichokuwa amekitoa. Nimeelewa baadaye, nikitazama. Kama angesema aliona, angekuwa mtukanaji, na nani atampeleka mtukanaji kwenye arusi ya binti yake? Alisema hakuona, na nani atamkodi mpiga picha ambaye mbele yake pembe zenye urefu wa mtu zinapita na hazioni? Neno la Conrad lilifika Rwezamenyo kabla ya wiki kwisha. Watoto wakalibeba. "Usumani kipofu, niko hapa, unaniona?" Watu wazima walikuwa na adabu zaidi, wao walisema tu kwamba arusi yao wameshampa Keith.

Keith ni kijana wa Sonatubes, kule njia panda ya Kicukiro, ana studio ya vioo na kamera inayoruka. Si mtu mbaya. Anapiga arusi kutoka juu, wageni wote wanaonekana kama mchele uliomwagika, na watu wanaipenda.

Usumani aliteremsha picha za ukutani. Shakira aliniambia alizitoa asubuhi moja, akazisukuma nyuma ya kabati, uso ukitazama ukuta. Zikabaki alama za mraba kwenye rangi, nyeupe kuliko ukuta. Baada ya hapo alipiga za vitambulisho tu, mbele ya kitambaa cha bluu. Nilimtazama akifanya kazi ile. Mtu anakaa, nyuma yake kuna bluu na bluu tu, hakuna kitu cha kupatana na chochote. Hakufumba jicho. Hakuinama. Anabonyeza, anasema, "Haya, mwingine."

Barabarani pia aliacha kusimama. Hilo ndilo liliniuma. Tulipanda naye siku moja kutoka sokoni, na mimi nikaona! Mwanamke amebeba mwavuli mwekundu uliofungwa, amesimama mbele ya ukuta, na ncha ya mwavuli imegusa sawasawa mwezi wa msikiti. Nikamvuta mkono. "Baba Shakira, simama hapa nilipo mimi!"

"Sioni, Mutesi," akasema, na akapita. "Wewe hukusikia? Mimi sioni."

Kisha simu zikaanza kupiga picha za vitambulisho zenyewe, na duka likafungwa. Sasa mlangoni pale kuna mtu anauza vifuniko vya simu. Rangi ya bluu juu ya mlango waliipaka nyeupe mara moja tu, kwa hiyo jua likipiga bado unaweza kusoma FOTO.

Keith akampa kazi. Nasema akampa, na watu wengi walimsifu Keith kwa hilo. Chumba cha nyuma, hakina dirisha, kompyuta mbili. Kazi yenyewe ni kusafisha picha za arusi. Nguzo imetokea kwenye kichwa cha shangazi, ifute. Waya umepita shingoni mwa bwana harusi, uondoe. Mgeni asiyejulikana, tanki la maji, mlima usiopendeza, vyote vitoke, nyuma pabaki pazuri. Na kwa kazi hiyo Usumani ni bora kuliko vijana wote wa Keith, kwa sababu anaona kila kitu kilichogusa kitu. Anakiona, halafu anakifuta. Amekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, miguu haiendi popote. Anasogeza vitu.

Mimi sasa niko sekondari na shule yangu iko upande huo, kwa hiyo jioni nyingine napita kumsalimia kabla ya basi. Namletea mandazi. Ananiuliza habari za masomo na habari za Shakira, aliyekwenda kusoma Huye na anapiga simu mara chache. Anasema sawa sawa kwa kila kitu.

Mwezi uliopita Mzee Gasana alifariki. Mama alipata habari mapema, kwa sababu alitakiwa kushona nguo za wajukuu. Nilipopita studio siku iliyofuata, Keith alikuwa kwenye kaunta na sura ya mtu anayeogopa jambo asilolijua. "Mutesi, sha, usiingie sana," akaniambia. "Mzee leo haongei. Kuna kazi nimempa, mimi sikujua iko na historia. Mteja ndiye aliyechagua."

Niliingia. Usumani hakugeuka. Kwenye kompyuta mbele yake alikuwa Gasana, mkono umefunguka, uso laini kama wa kijana. Pembe zilikuwa mahali pake, zinapanda, zinafunguka. Sikuwa nimeiona picha ile kamili tangu simu ya mama. Nilikuwa nimesahau kwamba ni nzuri hivyo.

"Wanaitaka ya nini?" nikauliza.

"Ya kuweka juu ya jeneza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Wametafuta nyumba nzima. Zote nyingine amefunga uso. Hii tu ndiyo amefungua."

"Nani ameileta?"

"Binti yake."

"Kaliza alikuja mwenyewe? Hapa?"

"Alisimama hapo uliposimama."

"Akasema nini?"

Aliweka kidole kwenye kipanya. Kialama kidogo cha duara kikapanda mpaka kwenye ncha ya pembe ya kushoto. "Alisema, 'Toa hizo, weka anga.'"

"Hakukusalimia?"

"Alinisalimia. Alisema, habari ya kazi." Akabonyeza, na ncha ikatoweka. Mahali pake pakawa bluu. "Nikamwambia, nzuri."

Alianza kushuka taratibu. Kila alipobonyeza, pembe ilipungua kipande cha kidole, na anga ikaingia, safi, kama hapajawahi kuwa na kitu. Alikuwa anafanya kwa uangalifu mkubwa. Palipokuwa na nywele za Gasana alikaribia mpaka pua ikagusa kioo, asiondoe hata unywele mmoja wa marehemu. Nilisikia pikipiki nje kwenye njia panda, madereva wanaitana, na Keith anamwambia mtu kwamba picha za mazishi ziko tayari jioni. Pembe ya kushoto ikaisha. Upande huo Gasana akawa mzee wa kawaida aliyesimama chini ya anga. Upande wa pili bado alikuwa kitu kingine.

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumwambia apige kelele, aende Kagarama, akasimame kati ya mahema ya msiba aseme. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilivuta kiti nikaketi nyuma yake kidogo, mahali ambapo bega lake halikunizuia, nikatazama pembe ya kulia ikipungua. Ilipobaki kipande cha chini tu, kile kinachoota kwenye nywele, akaacha. Mkono ukabaki juu ya kipanya.

Sijui kwa nini nilisubiri mpaka dakika ile. Gasana hayupo tena wa kukasirika, labda ndiyo sababu.

"Baba Shakira," nikasema, "zile pembe uliziona?"

Alibonyeza. Anga ikajifunga juu ya kichwa cha Gasana. Aliitazama picha kwa muda, jicho moja limefumba.

"Niliziona," akasema. "Nikaenda nikamwonyesha binti palepale, kwenye kioo cha kamera. Akacheka mpaka akaziba mdomo. Akaniambia, 'Hiyo usiifute kamwe, papa hajawahi kupendeza hivyo.'"